Kijibwa cha Watoto Naye ni Mbwa



Mama mmoja ameniletea swali, nami naona yafaa nimjibu mbele yenu nyote, maana swali lake ni la nyumba nyingi. Kijana wake anayefanya kazi mjini alirudi nyumbani sikukuu ya Noeli na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, manyoya marefu kidogo, masikio yameanguka. Watoto walipiga vigelegele. Sasa amekwisha kukua, lakini kimo chake hakifiki goti la mtu mzima. Siku ya chanjo ya mbwa ilipotangazwa kijijini, baba alimfunga kamba mbwa mkubwa wa zizi akampeleka. Mdogo akaachwa. Baba akasema: “Huyu ni wa kuchezea watoto tu. Hawindi, halindi, atamwuma nani?” Mama hakuridhika. Anauliza kama mumewe amesema kweli.

Mama, nakujibu kwanza, kisha nitaeleza. La, hakusema kweli, wala si yeye peke yake aliyekosea. Katika nyumba yenye mbwa wawili, yule anayekaa karibu na watoto ndiye wa kwanza kuchanjwa, si wa mwisho.

Ni mbwa wa namna gani?

Mbwa wetu wa kienyeji mnamjua. Manyoya yake ni mafupi, mwili mkavu, mkia umepinda juu. Amezoea jua letu na shida zetu. Mbwa wadogo wa kizungu ni wa namna nyingine. Huko kwao watu waliwachagua wazazi kwa vizazi vingi, ili wapate mbwa mdogo wa kukaa nyumbani na kufuatana na mtu. Wakikutana hao wawili mjini huzaliwa chotara. Tusimdharau kwa jina hilo. Twafuga ng’ombe chotara na kuku chotara, na maziwa na mayai yao twayafurahia.

Chotara hana sura moja. Katika watoto wanne wa tumbo moja, mmoja aweza kuwa na miguu mifupi, wa pili manyoya marefu, wa tatu akafanana kabisa na mbwa wa kienyeji. Tena mbwa jike aliyepandwa na madume wawili aweza kuzaa watoto wenye baba mbalimbali siku moja. Kwa hiyo mtu akikuuzia mtoto wa mbwa na kuapa kwamba hatakua, usimwamini upesi. Omba umwone mama yake, na hata hapo umeona nusu tu ya habari.

Tabia yake yapendeza. Hushikamana na watu wa nyumbani, na mara nyingi humchagua mmoja awe wake hasa. Mtoto akienda kisimani, naye yupo. Mama akikaa kuchambua mchele, yeye hulala miguuni pake. Masikio yake ni mepesi, na mara nyingi hubweka kabla mbwa mkubwa hajainua kichwa. Akitunzwa vema aweza kuishi miaka 12 au zaidi, maana mbwa wadogo kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko mbwa wakubwa sana. Mtoto aliyempokea akiwa darasa la kwanza aweza kuwa kijana mwenye ndevu, na mbwa wake bado yupo.

Lakini shikeni neno hili. Mbwa mdogo ni mwepesi wa kuogopa, maana kila kitu ni kikubwa kuliko yeye: miguu ya watu, kwato za ng’ombe, gurudumu la baiskeli. Mbwa mwenye hofu asiyeona njia ya kukimbia huuma. Wanaomwita mdoli husahau kwamba mdoli hana meno. Mbwa mzima ana meno 42, na mdogo huyu hesabu yake ni sawa na ya yule wa zizi.

Chakula na malazi

Wengi humtupia ukoko wa ugali, basi. Ugali mtupu hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Uchanganye na dagaa, au maharagwe yaliyoiva vizuri, au mchuzi wa mifupa. Mtoto wa mbwa ale mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Mbwa mzima mara mbili yatosha. Maji safi yawepo daima katika chombo chake mwenyewe. Mifupa ya kuku aliyepikwa usimpe, maana huvunjika kama vijiti vyenye ncha na kumchoma koo au utumbo. Vitunguu pia vyamdhuru damu.

Tena siku ya kuchinja mbuzi au kondoo jihadharini. Pengine mmeona katika maini au mapafu vifuko vilivyojaa maji. Wengine hukata kipande kile na kumtupia mbwa. Hilo ni kosa kubwa. Ndani ya vifuko vile mna mbegu ya mnyoo wa namna ya tegu. Mbwa akila kibichi, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto akichezea udongo ule, au akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, vifuko hivyo huweza kuota ndani ya maini ya mtoto. Basi chomeni moto au fukieni chini sana, na nyama nyingine yote ya mbwa ichemsheni kwanza.

Malazi yake yawe mahali pakavu, gunia juu ya ubao au majani, penye kivuli mchana na pasipo mvua usiku. Gunia lianikwe juani kila juma. Kitandani kwa mtoto asilale, hata mtoto akilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kupe, viroboto na minyoo

Manyoya marefu ni pambo mjini, huku kwetu ni maficho ya kupe. Kila jioni mtoto mkubwa amkague: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Manyoya yakisokotana yakatwe. Masikio yaliyoanguka hushika unyevu, hivyo akitikisa kichwa sana, au sikio likinuka, ni ugonjwa. Vidole vyake vitazamwe pia kama vina funza, maana mbwa huwabeba na kuwaingiza uani.

Sasa naomba akina baba wanisikilize. Wapo wanaompaka mbwa mafuta ya taa, dizeli au oili chafu ili kuua viroboto. Wengine humwogesha kwa dawa ya kunyunyizia pamba. Dawa hizo huunguza ngozi, naye hujilamba na kumeza sumu. Sumu ambayo mbwa mkubwa atatapika tu, yamtosha mdogo kufa. Hata dawa ya kuogeshea ng’ombe usimpake kwa kukisia. Mwulize Bwana Mifugo dawa ifaayo mbwa na kipimo cha uzito wake. Mwulize pia dawa ya minyoo, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa nayo mara nyingi, na minyoo hiyo yaweza kuwaingia watoto wetu. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa iwe sheria ya nyumba.

Nilichokiona nikiwa kijana

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nilipokuwa kijana, jirani zetu walikuwa na kijibwa cha namna hii, na mtoto wao wa kiume, wa miaka kama sita, alikipenda sana. Siku moja kijibwa kiliacha kucheza. Kilijificha chini ya ghala, hakikula, hakikunywa. Hakikukimbia huku na huku wala kushambulia watu, kwa hiyo hakuna aliyefikiri habari ya kichaa. Mtoto alikihurumia, akakipelekea ugali kwa mkono wake. Kikamwuma kidoleni. Alama ilikuwa ndogo kama ya mwiba. Bibi yake alimpaka majivu, wakacheka, mambo yakaisha. Siku mbili baadaye kijibwa kilikufa, kikatupwa migombani.

Majuma yakapita. Maharagwe yalikuwa yamekwisha kuvunwa mtoto aliposhikwa na homa. Alisema kidole chawasha. Kisha akaletewa maji, akashindwa kuyameza. Hata kuyaona tu kulimtia hofu. Walimpeleka hospitali. Daktari aliuliza swali moja: “Je, aliumwa na mbwa?” Mama yake ndipo akakumbuka. Wakati huo haikuwako tena dawa ya kumsaidia. Padre alikuja, tukasali, na baada ya siku chache tukamzika.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika nyumba ile. Walidharau kidonda kwa sababu walimdharau mbwa. Wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Kichaa cha mbwa na chanjo yake

Ugonjwa huu umo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mzururaji au mbweha humwuma mbwa wako usiku, nawe hujui. Mdogo huyu hupenya penye tundu la ua ambalo mkubwa hawezi kupita. Dalili yake hasa ni kubadilika tabia. Mpole huwa mkali, mkali huwa mpole mno. Sauti hubadilika, mate hutiririka, taya hulegea, huuma vijiti na mawe. Lakini wengine, kama yule niliyemtaja, hunyamaza tu na kujificha, kisha hupooza na kufa. Msingoje kumwona mbwa akikimbia barabarani na povu mdomoni ndipo mwogope.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa, kama 40 ni watoto wasiozidi miaka 15. Sababu yaeleweka. Mtoto huinama usoni pa mbwa, humkumbatia, na akiumwa huogopa kusema asije akapigwa. Jeraha la usoni au kichwani ni la hatari zaidi, maana ugonjwa haupiti njia ndefu kufika kwenye ubongo.

Dawa ya kuuzuia iko. Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimpa chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, na mtoto akapona. Hata mbwa wenyewe huchanjwa. Kati ya miaka 1996 na 2001 mbwa walichanjwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, na kichaa kikapungua sana, na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua nao. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini mkiwahesabu wa zizi tu na kuwaacha wa uani, hamtaifikia hesabu hiyo.

Wengine husema: “Huyu bado mtoto, angoje akue.” Siku chanjo ya kijiji ikitangazwa, mpelekeni hata mtoto wa mbwa. Naye hufaidika, na mtarudi naye mwaka ujao kama mtakavyoagizwa. Afungwe kamba, au achukuliwe kwa kikapu kilekile alichoingia nacho nyumbani. Mtu mzima amshike, si mtoto, maana hapo pana mbwa wengi na fujo nyingi. Cheti chake kiwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, kisipotee.

Akimwuma mtu

Yashikeni haya kwa kichwa, muwafundishe na watoto.

Kwanza, palepale osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata likiwa kama la mwiba. Kwa kumwagia maji na kusugua mwaondoa sehemu kubwa ya ugonjwa.

Pili, msipake majivu, pilipili, mafuta wala kinyesi cha mnyama. Jiwe jeusi la nyoka halifai hapa. Msishone wala kufunga kwa nguvu.

Tatu, siku ileile nendeni zahanati au hospitali, mseme wazi: “Ameumwa na mbwa.” Chanjo ya mtu hutolewa kwa siku mbalimbali, nanyi msiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda hupona, ugonjwa ungali njiani. Waweza kukaa majuma au miezi ndipo utokee, na ukitokea hauponyeki.

Nne, mwambieni Bwana Mifugo. Mbwa akiweza kufungiwa salama, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya hizo, hakuwa na ugonjwa mateni siku ile aliyouma. Lakini msingoje siku hizo ziishe ndipo mpeleke mtoto hospitali.

Na mtoto akija kusema ameumwa, asipigwe. Mzazi anayempiga leo anamfundisha kuficha kesho.

Watoto wafundishwe pia kumwacha mbwa anapokula, anapolala na anaponyonyesha. Wasimvute mkia, wasimkumbatie usoni. Jike hubeba mimba kama siku 63. Watoto wake wasitengwe naye kabla ya majuma sita, na manane ni bora, maana kwa mama na ndugu zake hujifunza kutouma kwa nguvu. Nanyi msiotaka watoto wa mbwa kila mara, mwulizeni mganga wa mifugo habari ya kuwahasi. Ni afadhali kuliko kuwatupa watoto wa mbwa porini wafe njaa, jambo ambalo Mkristo hapaswi kulitenda.

Mwenzi wa safari

Pengine mtu atasema: “Tuna shida nyingi, nawe wataka tujisumbue kwa mbwa!” Kanisa limetufundisha vema pande zote mbili. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2418, yasema ni kinyume cha heshima ya mtu kuwatesa wanyama bila sababu. Namba hiyohiyo yatuonya tusitumie kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingeondoa taabu ya watu. Nami sikuambii umnunulie mbwa nyama na mwanao ashinde njaa. Fedha ya chanjo ya mbwa ni fedha ya mtoto. Na nauli ya kwenda hospitali mara tatu au nne itakuchosha kuliko kamba na matembezi ya asubuhi moja.

Someni tena Kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia alipoondoka kwa safari ndefu pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao, na waliporudi kwa baba kipofu, mbwa alikuwa nyuma yao bado. Hatuambiwi jina lake wala kwamba alipigana na yeyote. Alifuatana tu na kijana, kwenda na kurudi, na Maandiko hayakuona haya kumtaja. Kijibwa chenu kazi yake ni hiyohiyo.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Kesho yake, tarehe 29, twamheshimu malaika Rafaeli pamoja na Mikaeli na Gabrieli, na tarehe 4 Oktoba Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Lakini chanjo ikitangazwa mapema zaidi, msingoje Septemba.

Nawe mama uliyeniuliza, msomee baba watoto maneno haya jioni, akiisha kula. Najua awapenda wanawe. Bwana Mifugo hakai mbali mno. Mwulizeni siku, mkichukue kile kikapu, mwende.

Hadi juma lijalo, Mungu awabariki.

Rafiki wenu wa nyumbani